Boksi gani la stelingi litafaa hotrodi yangu?

"Fundi, shikamoo. Naishi Ohio, Marekani, na huu ni mwaka wa pili najenga hotrodi, gari la zamani lililowekwa injini yenye nguvu, kwa Ford Model A ya 1931. Injini ni V8 ya Chevrolet, inchi za ujazo 350. Mbele nimebakiza ekseli nzima, ile iliyoshushwa, na springi moja iliyokingama. Boksi la stelingi la zamani limekwisha, usukani una pleyi, yaani unazunguka bure bila magurudumu kugeuka, ya karibu robo mzunguko. Jirani ananiambia niweke boksi la Vega. Mwingine anasema Vega lilikuwa gari bovu, niweke la F-100 kwa kuwa ni la pikapu, ni zito. Mtandaoni nimeona la Corvair kwa nusu ya bei, na rafiki yangu wa Nairobi anasisitiza atanitumia la pawa la Hilux. Marehemu baba alikuwa fundi wa malori Mwanza, na alinifundisha kwamba stelingi si mahali pa kubahatisha. Nataka boksi moja la kuaminika, nilifunge, nisahau. Ninunue lipi?"

Marahaba. Mungu amrehemu mzee, neno alilokuachia ni la kweli. Injini ikikataa, gari linasimama pembeni na unapiga simu. Stelingi ikikataa ukiwa kwenye barabara kuu, huna la kufanya. Kwa hiyo hofu yako iko mahali pake, nami nitakujibu kwa urefu.

Nianze na kitu ambacho swali lako limekiruka. Unauliza lipi ni imara kati ya maboksi manne, lakini maboksi hayo hayafanyi kazi moja. Mengine yanasukuma fimbo kutoka kushoto kwenda kulia, mengine yanaisukuma mbele na nyuma. Mengine yakifungwa jinsi yalivyotoka kiwandani yatakata gari lako kinyume. Boksi zuri likiwekwa kwenye mpangilio usio wake huwa la hatari kuliko boksi la zamani lililochoka, kwa sababu lile la zamani angalau umeshalizoea. Amua kwanza mkono wa pitmani, ule unaotoka kwenye boksi na kusukuma fimbo, utapiga upande gani, ndipo uchague boksi.

Model A ilivyotoka kiwandani, boksi lilikuwa kwenye reli ya kushoto ya chasisi, mkono wa pitmani ukipiga mbele na nyuma. Fimbo yake, draglinki, ilipita ubavuni mwa chasisi hadi kwenye nako ya gurudumu la kushoto, kile chuma kinacholishika gurudumu na kugeuka nalo, na tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, ikaufikisha mwendo huo kwenye gurudumu la kulia. Mpangilio huo tuuite wa ubavuni. Mpangilio wa pili ni wa kukingama: boksi liko kushoto, lakini mkono unapiga kushoto na kulia, na draglinki inavuka chini ya pua ya gari hadi gurudumu la kulia. Boksi la F-100 ni la mpangilio wa ubavuni. La Vega ni la kukingama. Ndiyo maana jirani zako wawili wanabishana bila kufika popote. Kila mmoja ana gari lingine kichwani.

Sasa tuone kinachotokea gurudumu linapopanda tuta, maana hapa ndipo wajenzi wengi wa hotrodi wanapoumia. Ekseli yako haipandi wima kama lifti. Inashikwa na nondo mbili zinazokwenda nyuma hadi kwenye chasisi, hivyo ikipanda inachora upinde, na kitovu cha upinde huo ni jointi ya nyuma ya nondo. Draglinki nayo inachora upinde wake, na kitovu chake ni jointi ya mkono wa pitmani. Pinde hizo mbili zikiwa tofauti, kila tuta litavuta au kusukuma gurudumu bila wewe kugusa usukani. Utaendesha barabara ya lami nzuri ukiwa umetulia, kisha utapita kwenye kiungo cha daraja na gari litaruka upande. Mwenye gari husema, "Boksi ni bovu." Boksi halina kosa lolote.

Kwa mpangilio wa ubavuni, tiba ni kuiweka jointi ya pitmani karibu kabisa na jointi ya nyuma ya nondo ya kushoto, kwa kimo kile kile. Pinde zitakuwa na kitovu kimoja, na ekseli itapanda na kushuka bila kugusa mwelekeo. Kwa mpangilio wa kukingama mambo ni mengine. Springi yako imekingama na inaning'inia kwenye pingili zake, vile vishikizo vinavyobembea mwishoni mwake, kwa hiyo ekseli nzima inaweza kuteleza kidogo kushoto na kulia. Ukigeuza usukani, draglinki inasukuma gurudumu, lakini sehemu ya nguvu inaishia kuisukuma ekseli yenyewe pembeni. Utahisi usukani mlegevu, ukaze boksi, na ulegevu ubaki pale pale. Dawa yake ni nondo ya panhadi, inayoifunga ekseli na chasisi ili isiteleze. Ifungwe kwenye chasisi upande wa kushoto na kwenye ekseli upande wa kulia, ilingane na draglinki kwa urefu, na ilale sambamba nayo. Nimeona magari mengi yenye boksi la Vega jipya kabisa na hayana nondo hii. Wenyewe walishabadilisha boksi mara mbili.

Turudi kwa maboksi yenyewe. Lile la 1931 lina skrubu inayosukuma kipande chenye meno, chuma kikiteleza juu ya chuma, na uwiano wake ni kama 13 kwa 1, yaani usukani huzunguka mara 13 kwa mzunguko mmoja wa mkono wa pitmani. Lilitengenezwa kwa injini ya nguvu-farasi 40 na matairi membamba. Mafundi wa Model A hulifufua likawa zuri kwa gari lililobaki la asili. Kwa V8 yako, sikushauri ulirudie.

Boksi la pikapu ya Ford F-100, hasa za 1953 hadi 1956, lina skrubu pia, ila badala ya meno kuna rola inayozunguka juu ya beringi. Msuguano unapungua sana. Limeaminiwa na wajenzi wa hotrodi kwa miongo mingi, na kwa gari la sura ya kizamani lisilo na madigadi linapendeza, kwa sababu draglinki inaonekana ubavuni kama zamani. Tatizo ni umri. Boksi la 1955 limepita mikono mingapi? Rola huliwa, na skrubu huchimbika pale katikati, mahali linapokaa gari likienda mbele moja kwa moja. Ukinunua la zamani, hesabu bei ya kulifungua na kubadilisha beringi, rola, skrubu na oilsili, kisha ulinganishe na jipya lililotengenezwa kwa muundo ule ule. Uzito wake, ambao jirani yako wa pili anausifu, si ushahidi wa kitu. Gari lako ni jepesi kuliko ile pikapu, na chuma kizito kilicholiwa ndani bado kimeliwa.

Vega ilikuwa gari dogo la Chevrolet, modeli za 1971 hadi 1977. Ni kweli lilijipatia sifa mbaya: injini ya alumini iliyopata joto kupita kiasi, na bodi iliyooza kwa kutu mapema. Lakini boksi lake halikuwa sehemu ya balaa hilo. Ndani yake kuna skrubu na nati, na katikati yake gololi zinazozunguka na kurudi zilikotoka, kwa hiyo karibu hakuna chuma kinachotelezea chuma kingine. Ni dogo, linaingia pembeni ya injini bila kugusana na bomba za ekzosi, na lilisanifiwa kwa gari la uzito wa karibu tani moja, ambao ndio wako. Ndiyo maana kampuni kama Borgeson na Flaming River zinatengeneza mapya kwa muundo huo hadi leo. Mipaka yake ipo. Usilifunge kwenye gari zito lenye matairi mapana sana mbele, na usizoee kuuzungusha usukani gari likiwa limesimama. Hapo ndipo shafti ya kutokea, ile inayoshika mkono wa pitmani, huumia.

La Corvair naomba ulisahau. Corvair, iliyotengenezwa 1960 hadi 1969, ilikuwa na injini nyuma, na boksi lake lilipangwa kwa mazingira hayo. Watu hulitumia kwenye hotrodi nyepesi kabisa, hasa zile za Ford T, lakini kwa mpangilio wa ubavuni ni lazima liwe limegeuzwa ndani. Lisipogeuzwa, ukikata kulia gari linakwenda kushoto. Nilishaitwa kutazama gari la namna hiyo. Mwenyewe alikuwa amemaliza kuchomelea na kupaka rangi, ndipo akaligundua. Bei ya nusu uliyoiona yaweza kuwa ya boksi lisilogeuzwa, na kwa picha huwezi kujua.

Na Hilux? Mwambie rafiki yako asante, lakini asilitume. Boksi la Hilux ya Nairobi limetengenezwa kwa usukani wa kulia, na gari lako linaendeshwa kutoka kushoto. Hata ukipata la Marekani, pawa, yaani stelingi inayosaidiwa na presha ya oili, inataka pampu, hosi na nafasi, na mbele ya gari lako ni nyepesi. Pampu yenye presha kubwa itaufanya usukani uwe mwepesi mno, kiasi kwamba kwa kasi hutajua matairi yanafanya nini. Ukiwa na tatizo la bega au mkono, tutazungumza upya. Vinginevyo huhitaji pawa.

Kwa maelezo uliyonipa, nikiwa kwenye nafasi yako ningechukua boksi jipya la muundo wa Vega kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, mpangilio wa kukingama, na nondo ya panhadi siku hiyo hiyo. Moyo wako ukiwa kwenye sura ya kizamani, F-100 iliyofanyiwa kazi upya ni chaguo halali, mradi uweze kuiweka jointi ya pitmani mahali nilipoeleza. Pima kwanza. Chasisi nyingine hazikupi nafasi hiyo.

Uwiano nao usiuchukulie juu juu. Tuseme mkono wa pitmani unasafiri nyuzi 70 kutoka mwisho hadi mwisho. Boksi la 20 kwa 1 litataka mizunguko ya usukani karibu 3.9. La 16 kwa 1 litataka 3.1, na la 24 kwa 1 karibu 4.7. Namba ndogo ina majibu ya haraka lakini usukani mzito wakati wa kuegesha. Kwa gari lako 20 kwa 1 inatosha. Kumbuka pia kwamba urefu wa mkono wa pitmani unabadilisha hesabu: mkono mrefu huharakisha stelingi na kuongeza mzigo ndani ya boksi, kwa hiyo usirefushe mkono ili kuficha kosa la mpangilio.

Lipo jambo moja linaloua maboksi mapya kuliko lolote. Meno ya ndani yamekatwa makusudi yabane katikati na yalegee kidogo kuelekea mwisho. Gari likienda mbele moja kwa moja, boksi linapaswa kuwa katikati kabisa. Basi kabla ya kufunga draglinki, zungusha shafti ya boksi hadi mwisho mmoja, hesabu mizunguko hadi mwisho wa pili, rudi nusu, weka alama. Nyoosha magurudumu. Ndipo ukate na kurekebisha urefu wa draglinki ulingane na hali hiyo. Wengi hufanya kinyume: wanafunga kila kitu, wanaona usukani umekaa upande, wanaung'oa na kuurudisha ukiwa umenyooka. Usukani unapendeza machoni, lakini boksi linafanya kazi nje ya kitovu chake. Mwenye gari anahisi pleyi, anakaza skrubu ya kurekebishia iliyo juu ya boksi ili kuiondoa, na siku anapokata kona ya kubana, meno yanapita katikati yakiwa yamebanwa kupita kiasi. Baada ya muda kidogo, beringi zimekwisha. Skrubu ile huguswa tu baada ya kurekebisha beringi za shafti ya kuingilia, draglinki ikiwa imefunguliwa, boksi likiwa katikati.

Vilevile boksi lisiwe ndilo linalozuia magurudumu yasikate zaidi. Weka vizuizi kwenye nako au ekseli, vigonge kabla boksi halijafika mwisho wake wa ndani.

Chasisi ya Model A ni bati lililokunjwa kama herufi U, na boksi likivuta, bati linapinda. Mahali pa boksi pafungwe kuwa mraba na kuongezewa bamba, na bolti zipite ndani ya vibomba ili zisibonyeze reli. Baadaye mwambie mtu azungushe usukani huku na huku gari likiwa chini, nawe lala utazame. Ukiona boksi zima linacheza, hata kidogo, kazi haijaisha. Tumia pia mkono wa baba: shika kila jointi moja moja wakati usukani unazungushwa. Vidole vitakuambia pleyi iko wapi kabla macho hayajaiona. Robo mzunguko uliyoitaja sidhani kama ni ya boksi peke yake. Kagua kingpini, zile pini ambazo nako hugeukia juu yake, ncha za tairodi na jointi za shafti ya usukani, maana boksi jipya halitatibu kingpini zilizokufa.

Kwa shafti ya usukani, tumia jointi mbili zisizozidi pembe aliyoandika mtengenezaji, na uma zake zipangwe sawa, la sivyo usukani utakuwa mwepesi na mzito kwa zamu. Ukilazimika kuweka jointi tatu, shafti ya katikati itataka beringi ya kuishikilia. Hesabu meno ya shafti kwa mkono wako kabla ya kuagiza jointi, usitegemee maelezo ya muuzaji. Na usipige shafti moja iliyonyooka kutoka boksi hadi kifuani kwako. Sheria ya shirikisho ya kudhibiti usukani kurudi nyuma wakati wa ajali ilianza kwa magari yaliyoundwa kuanzia Januari 1968. La kwako halina kinga hiyo, uiweke mwenyewe kwa shafti inayojikunja au yenye pembe.

Nimekuta pia watu wanakata mkono wa pitmani na kuuchomelea upya, au wanaupinda kwa moto. Usifanye hivyo hata ukiwa na mkono mzuri wa kuchomelea. Ni chuma cha kufuliwa, joto hubadilisha ugumu wake, na ufa hujificha ndani. Nunua wenye urefu sahihi. Kupaka kromu nako kuna hatari: hidrojeni huingia kwenye chuma kigumu wakati wa kazi hiyo na kukifanya kivunjike ghafla, kisipookwa vizuri mara baada ya kupakwa. Kwa mikono ya stelingi, rangi nyeusi inatosha.

Pengine gari likishatoka utakutana na mtikisiko mkali wa magurudumu kwenye kilomita 60 au 70 kwa saa. Hapo pia usikimbilie boksi. Tazama kasta kwanza, yaani jinsi kingpini zinavyolala kuelekea nyuma kwa juu: ekseli kama yako kwa kawaida inataka nyuzi 5 hadi 7, na magurudumu yaingie ndani milimita 2 hadi 3 kwa mbele. Kisha tazama kingpini na balansi ya matairi. Shokapu ya stelingi inaweza kuutuliza mtikisiko huo, lakini sababu itabaki pale pale ikiendelea kula vyuma.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyafanya kwa barua, wala usiyafanye peke yako. Bamba la boksi kwenye chasisi lichomelewe na mchomeleaji mwenye cheti, au angalau alikague kabla ya kupakwa rangi. Nako na mikono ya zamani ipelekwe karakana inayopima nyufa kwa unga wa sumaku. Ni kazi ya kawaida kwa wanaotengeneza injini za mashindano, na Ohio wapo. Alaimenti ipimwe na mtu aliyewahi kushika ekseli nzima. Na ukiwa njiani ukahisi usukani unakwama mahali fulani, haurudi wenyewe baada ya kona, au unagonga mkononi, simama hapo hapo. Usijaribu kufika nyumbani. Ita gari la kubebea.

Kabla hujachomelea chochote, funga boksi kwa klampu tu. Unganisha draglinki, inua mbele, kata usukani kulia na uhakikishe magurudumu yamekwenda kulia. Mkono wa pitmani ukiangalia upande usio wake, yatakwenda kushoto, na ni bora uyaone hayo gereji. Muulize pia muuzaji kama ana boksi tupu la kujaribia nafasi. Kisha nipigie vipimo vitatu: urefu wa mkono wa pitmani, urefu wa draglinki, na kimo cha jointi zake mbili kutoka sakafuni, gari likiwa limekaa kwa uzito wake wote. Ukinitumia hivyo nitakuambia panhadi yako iwe ya urefu gani na ifungwe wapi.